Upanga Niliouharibu Mie, Mkwe Wangu Akaitwa Mwizi

Nyie vijana mtakaosoma haya kwenye simu zenu, kaeni vizuri kwanza. Mie si bibi wa kuchekacheka. Nimelea watoto sita, na kila aliyekosa mbele yangu alijua amekosa. Leo aliyekosa ni mie.

Nimekosa! Nalisema mapema, msije mkafika katikati mkaanza kunionea huruma. Wekeni huruma yenu kando, mtaona wa kumpa mbele ya safari.

Kisomo changu ni cha ngumbaru. Haya nimeyaandika kwa mkono kwenye daftari la mjukuu wangu, siku nne nzima, vidole vinauma. Majina nimebadilisha yote. Langu silitaji, maana bado naishi na watu hapa hapa Temeke.

Ukoo wa marehemu mume wangu ni watu wa pwani ya kusini. Wana upanga. Simaanishi panga la kufyekea, namaanisha upanga wa vita, mrefu, umepinda kidogo mbele, mpini wa pembe, ala ya ngozi nyeusi. Kwenye bapa lake kulikuwa na mistari miwili ya maandishi ya Kiarabu, na ndani ya maandishi hayo, jina la babu yao wa kwanza.

Kila kijana wa ukoo akioa, siku ya nikaha anaufunga kiunoni. Akifika mlangoni kwa bibi harusi, bibi wa binti anagusa mpini, anasema, "Tumewapokea." Asipogusa, hamna harusi. Ndivyo walivyo.

Sasa sikilizeni, kosa langu limejificha hapa. Upanga ule hauchomolewi na mtu ila mmoja tu: mke mkubwa wa nyumba. Alhamisi kabla ya harusi anaingia chumbani peke yake na udhu wake, anashusha pazia, anauchomoa, anaupaka mafuta ya nazi kwa kitambaa cheupe, anaurudisha kwenye ala. Wengine wote, hata bwana harusi mwenyewe, wanauona mpini tu.

Mke huyo nilikuwa mie. Mie niliyeolewa kutoka bara ndani huko, nikachekwa namna ninavyosema, nikachekwa namna ninavyopika wali wa nazi! Wifi zangu walinisema mpaka nikakonda. Lakini siku mama mkwe aliponikabidhi ule upanga, walinyamaza wote. Nikawa nikiingia nao ukumbini wazee wanasimama. Wazee wa kiume, wenye kanzu na bakora zao, wananisimamia mie! Utamu wa kusimamiwa, jamani. Huo ndio ulionimaliza.

Mwaka mmoja masika yalitufuata mpaka ndani. Nyumba yetu ipo bondeni, maji yakafika magotini, kasha likalowa pamoja na upanga. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza tumemzika, akili yangu haikuwa hapo. Nilikuja kuukumbuka wiki kadhaa baadaye. Nikaushika mpini, nikavuta. Hautoki! Nikaweka mguu juu ya ala, nikavuta kwa nguvu zote. Ukatoka umevimba kutu kama ukoko wa wali.

Nikasugua kwa ndimu na majivu. Nikasugua kwa stilwaya. Kutu haisikii.

Hapo ndipo palikuwa pa kumwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mzee Bakari, nimwambie, "Shemeji, maji yameingia, tusaidiane." Asingenila! Lakini nikawaza watasema yule mbara kashindwa. Nikaufunga kwenye kanga, nikaupeleka kwa fundi wa mageti.

Kijana mpole, ana adabu. "Shikamoo bibi, hiki nini, cha mganga?"

"Marahaba. Acha maneno, ning'arishie tu."

Nikakaa kwenye kibenchi. Akawasha grenda. Cheche zikaruka, kutu ikaruka, na mie nafurahi kama mjinga, naona weupe unatokea! Alipozima nikausogelea. Bapa limekuwa jeupe, laini kama sahani. Maandishi hakuna.

Nikamwambia, "We mtoto, yako wapi maandishi?"

"Maandishi gani, bibi? Mie nimeona vikwaruzo tu."

Jina la babu wa ukoo mzima, vikwaruzo! Na sikumwambia kabla, kwa hiyo hata kumlaumu siwezi. Akasema umepinda, ngoja aunyooshe. Akaubana kwenye jiliwa, akagonga mara ya kwanza, mara ya pili. Ukalia kach! Ukakatika karibu na mpini.

"Bibi, chuma hiki kilishakufa siku nyingi," akasema. Mie nilikuwa nishakaa chini kwenye vumbi.

Nikamwomba anitengenezee mwingine. Akachukua bapa la springi ya lori, akalipasha moto kwenye mkaa, akalifua siku mbili kwa kufuata vipande vya ule wa zamani, akalichovya kwenye oili chafu, akalinoa, akalifunga kwenye mpini ule ule wa pembe. Kazi nzuri, sitamsema vibaya. Ukiingia kwenye ala ya ngozi unaenea kabisa.

Vile vipande vilivyokatika nilivirudisha nyumbani ndani ya kanga. Unajua nilivipeleka wapi? Nilivitumbukiza chooni. Upanga wa ukoo, chooni! Lile shimo lilishajaa, likafunikwa, juu yake leo pamejengwa banda la kuku. Kila asubuhi nikiokota mayai nakanyaga hapo.

Tangu siku hiyo mabwana harusi wanne wameoa na springi ya lori kiunoni. Mara nne nimeshusha pazia, nimepaka mafuta ya nazi chuma cha gari, nimetoka uso mkavu. Mara nne wazee wamenisimamia.

Nikazidi kujifunga mwenyewe. Mjukuu wangu Nasra, binti wa mwanangu mkubwa Hamadi, anaandika hadithi. Si hadithi za mapenzi, ni za miji ambayo haipo, na majini, na mashujaa wenye panga zinazoongea. Anazituma kwenye simu sehemu moja moja, na ana wasomaji, wanamsumbua kweli: "Dada, leta sehemu inayofuata!" Basi akaja kwangu. "Bibi, nipe habari za upanga wetu, niuweke kwenye hadithi."

Ningesema nilichoambiwa, maneno machache tu: babu aliupata kwa mfanyabiashara, kwa kubadilishana na nta na pembe. Basi. Lakini mie nikaona nisimame ukumbini tena. Nikamwambia ulikata minyororo ya watumwa. Uongo! Nikamwambia ulisimamisha vita kwa kuonyeshwa tu. Uongo mtupu! Nikamweleza maandishi yale, mstari wa juu na mstari wa chini, yalivyokaa. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuja kuniangamiza. Nasra akaandika kwamba maandishi yanawaka akishika mtu mwongo. Ukoo wote ukasoma. Hata watoto wakawa wanajua upanga wetu una mistari miwili.

Halafu nikaanguka bafuni, nikavunjika nyonga. Mzee Bakari akaja kunitazama.

"Shemeji, umetumika vya kutosha. Sasa upanga apewe mke wa Hamadi."

"Bado mtoto yule," nikasema.

"Mtoto! Ana miaka arobaini na tano, shemeji. Ukisubiri akue zaidi tutampa na bakora."

Wote wakacheka. Mie sikucheka. Nilitafuta sababu nyingine, sikupata. Mke wa Hamadi ni Zaituni, mama yake Nasra, mtu wa Kimbiji, wazazi wake wakulima wa mihogo. Miaka ishirini na tatu niliishi naye nyumba moja. Alinifulia, alinipikia, nilipovunjika nyonga alinibeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Huyo ndiye nilimkabidhi upanga ndani ya ala, mbele ya watu, huku najua.

Nilijipa moyo. Atauchomoa, ataona chuma kinang'aa, atapaka mafuta, atanyamaza. Nilisahau kwamba na yeye alisoma hadithi ya mwanawe.

Upanga ulikaa kabatini kwake miezi miwili. Ikaja harusi. Alhamisi hiyo sebuleni walijaa wanawake, Bakari na wazee wenzake wapo barazani. Zaituni akatawadha, akaingia, akashusha pazia. Mie nimekaa mkekani, mguu nimeunyoosha, tasbihi mkononi, sihesabu chochote.

Akatoka. Ameushika kwa mikono miwili, nje ya ala, uso wake mweupe kabisa hauna hila. Akanijia mie kwanza, kwa heshima, kama mtoto anayeuliza mzazi.

"Mama, mbona maandishi siyaoni?"

Bakari akaingia kutoka barazani. Wote wakanitazama mie.

Nyie vijana, nilikuwa na muda. Msidhani sikuwa na muda. Zaituni alinitazama kwa muda wa kutosha kusema bismillahi na kweli yote. Nami nikafungua kinywa nikasema:

"Mie nilikukabidhi yakiwepo."

Basi. Maneno matatu. Sikuongeza hata moja, na sikuhitaji.

Kwani kaka yake Zaituni ananunua vyuma chakavu. Hilo alilisema wifi yangu, na likishasemwa wenzake wakamalizia. "Kumbe!" "Ndo maana kaka mtu kajenga." "Kauza upanga wa watu, kaweka bati!" Zaituni alikuwa amesimama vile vile na upanga mikononi. Hakulia. Alikuwa ananitazama mie tu, akisubiri niseme. Alisubiri sana.

Akaulaza mkekani mbele ya miguu yangu. Akachukua mtandio. Akaondoka na viatu vya kuogea.

Harusi ikaahirishwa. Hamadi alikuja chumbani kwangu kesho yake. Mwanangu huyu hajawahi kunipandishia sauti. Alipiga magoti.

"Mama, sema neno moja tu. Labda ulikosea. Labda macho."

"Macho yangu mazima," nikamjibu.

Akakaa mwezi, halafu na yeye akamfuata mkewe Kimbiji. Nikabaki na Nasra kwa sababu ya chuo. Ananipikia, ananisalimia, shikamoo bibi, marahaba, kisha kimya. Nyumba ilikuwaga haina pa kukaa kwa watu, sasa nasikia friji inavyonguruma.

Mie nikawa mfungwa. Nikiukubali ukweli, mie ni mwongo wa miaka kumi na kitu. Nikinyamaza, namla Zaituni kila siku na chai. Nikisali, kichwa kikigusa msala naliona banda la kuku. Na upanga wenyewe umerudishwa kwangu, kwenye kasha lile lile, chini ya kitanda changu!

Alasiri moja Nasra akaja uani, mie nachambua mchicha. Akakaa chini na simu.

"Bibi, nikusomee sehemu mpya? Sijaituma bado."

"Soma."

Akasoma. Kuna mji umezungukwa na chumvi, na malkia mzee anayetunza upanga wa mji. Siku moja malkia akauvunja. Akaenda kwa mhunzi kwa siri, mhunzi akamfulia mwingine kutokana na gurudumu la mkokoteni. Akauingiza kwenye ala ya zamani. Kisha akamkabidhi msichana wake wa kazi, na mji ulipouliza, malkia akasema...

Akaishia hapo, akanitazama. Mchicha ulikuwa mkononi mwangu, sikuuona tena.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeniambia, bibi. Nilitaka kujua upanga unafuliwaje, ili hadithi isiwe ya uongo. Nikazunguka kwa mafundi. Mmoja akaniambia, 'Upanga? Nishatengeneza mmoja maishani. Kuna bibi alikuja na mpini wa pembe.'"

Nikatazama chini.

"Hapo ndipo nimekwama," akasema, kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko angenitukana. "Wasomaji wanasubiri. Malkia afanyeje?"

"Aseme."

"Aseme kwa nani?"

"Kwa... kwa wazee wa mji."

"Na yule msichana?"

Akafunga simu, akaubeba mchicha akauosha.

Nikamwita Bakari, Nasra akiwepo. Nikamweleza yote, mpaka chooni. Akawa anageuzageuza kofia. Nikadhani atanipiga. Heri angenipiga.

"Shemeji, neno hili liishie hapa hapa," akasema. "Mie, wewe na mtoto huyu. Mwezi ujao mwanangu anaoa. Upande wa bibi harusi wakisikia tumebeba springi ya gari mlangoni kwa watu, tutatazamana vipi? Siku hizi kuna mashine za kuchora chuma. Tutayachora maandishi upya, tuseme upanga umepatikana. Kisha Zaituni arudi."

"Arudi tuseme nini?"

"Tuseme tumemsamehe."

Jamani! Tumemsamehe! Asiye na kosa asamehewe na mie mkosaji!

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa wengi mngeniwahi kunisifu. Sikukataa. Nilisema, "Nipe siku nifikirie." Nikafikiria wiki nzima! Niliwaza Zaituni atarudi, Hamadi atarudi, wazee watasimama, na mie nitakufa na heshima yangu. Nilikaribia kabisa kumpa ule upanga aupeleke kwenye mashine. Nilishauvuta kutoka chini ya kitanda. Kilichonizuia ni kidogo tu: kanga niliyokuwa nimeuviringishia. Ilikuwa ya Zaituni.

Nikaenda Kimbiji. Nyonga hii, barabara ile! Nasra alinisindikiza. Tukamkuta Zaituni uani kwa wazazi wake, anamenya mihogo. Akaniamkia, akanipa kigoda, akanipa maji. Akaendelea kumenya.

Nikamweleza. Sikuficha. Nikamwambia mpaka yale maneno matatu, niliyajua wakati nayasema kwamba ni uongo. Kisu chake kilisimama mara moja tu, niliposema choo.

Nilipomaliza, nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Twende nyumbani."

Akaweka muhogo kwenye beseni, akachukua mwingine.

"Mama, nimekusikia. Na mie sina kinyongo cha kukuapiza. Lakini mie niliitwa mwizi sebule imejaa, wanawake wa pande zote wapo. Wewe kuniita mkweli umekuja na mtoto mmoja, uani, kwenye maganda ya mihogo."

Nikainuka kwenye kigoda.

Hamadi alikuwa mlangoni, anasikia. Hakunipa mkono wakati wa kuondoka. Aliteremsha turubai la bajaji taratibu, akasema, "Nenda salama, mama," kama unavyomwambia mgeni.

Ndiyo maana naandika. Bakari anakuja kila siku mbili kuutaka upanga, ananibembeleza, ananitisha, ananiambia nitaufuta ukoo. Wifi zangu bado wanasema Zaituni mwizi. Mie mzee, nyonga mbovu, sina miguu ya kuzunguka nyumba hadi nyumba. Nina daftari hili tu, ambalo Nasra ataliingiza kwenye simu, na hawa walio chini ya paa langu.

Nyie wenye kutunza vitu vya watu, kikiharibika kisemeni siku ile ile, kikiwa bado ni chuma tu. Mie wangu ulikuwa kutu. Nilipoificha ikawa mtu. Na kama umeshafika kwenye lile neno lako la uongo, kama umelisema na wote wanakutazama, lirudishe kabla aliye mbele yako hajachukua mtandio. Akishatoka mlangoni hutampata kwa nauli.

Jana baada ya swala ya adhuhuri niliwaita wote walio nyumbani kwangu, Nasra, wapangaji wawili wa vyumba vya uani na binti wao wa kazi. Nikawaambia wachomoe upanga, wao wenyewe, kila mmoja aushike. Kisha nikatoa amri, na mzee Bakari akija ataikuta:

"Upanga huu ukae mezani sebuleni, nje ya ala, na hautoki humu kwenda harusi ya mtu yeyote mpaka Zaituni aje auchukue mbele ya sebule iliyojaa kama siku ile. Kila anayeingia aambiwe: bibi aliuvunja, Zaituni hakuiba. Awe mzee, awe mgeni, awe muuza mkaa. Hata mtoto akija kuomba maji ya kunywa, aambiwe kwanza, ndipo apewe maji."